Uzi: Albert Heim, profesa wa Uswisi ambaye michoro yake mwenyewe ndo ilimuangusha

mchimba_kokoto

Wakuu kwema? Kuna mdau aliniuliza kwenye ule uzi wa milima inakuaje jiwe la zamani likae juu ya jiwe jipya, maana shuleni tulikaririshwa la chini ndo la zamani basi imeisha hiyo. Nilimjibu kwa mistari miwili afu nkaona haitoshi, kwaiyo leo nashusha kisa kizima cha mzee Albert Heim. Ni ndefu, mwenye haraka apite tu.

Heim ni Mswisi, kazaliwa Zurich tarehe 12 Aprili 1849 na kafia hukohuko tarehe 31 Agosti 1937, miaka 88 hiyo. Alivyokua na miaka 16 akatengeneza mfano wa mlima Tödi na wenzake wanaouzunguka, sio picha, mfano kabisa wa kushika kwa mkono wenye mabonde na vilele vyake. Habari zikamfikia profesa Arnold Escher von der Linth, ambae ndo alikua mzee wa jiolojia pale Zurich, mtu aliyeifahamu milima ile kama shamba lake. Akamvuta dogo karibu, akawa anampandisha nae milimani. Escher akafariki 1872, mwaka uliofuata kiti chake pale Polytechnikum (ndo hiyo inaitwa ETH siku hizi) akapewa Heim. Miaka 24! Umri ambao wengi wetu tulikua bado tunatafuta ada ya semista. 1875 Chuo Kikuu cha Zurich nacho kikamchukua akawa anafundisha kote kuwili mpaka alivyostaafu 1911. Kwenye wanafunzi waliokaa kumsikiliza pale Polytechnikum yumo Albert Einstein, alichukua kozi yake ya jiolojia ya milima, japo kwa Einstein yalikua masomo ya pembeni.

Kitu cha kushika kabla hatujaenda mbali: jamaa alikua anachora. Nazungumzia mtu anayekaa juu ya kilele na penseli na kuchora duara zima la milima inayomzunguka, kila ufa, kila tabaka, kila mstari wa theluji mahali pake. Mfano wake wa mlima Säntis, aliomaliza 1903 na fundi Carl Meili, una skeli ya 1:5,000, yani mita 50 za mlimani ni sentimeta moja, kama ukucha, kwenye mfano. Hii shikeni maana ndo inakuja kumgeukia.

Narudi na kipande cha pili, nakunywa chai.

kiti_cha_mbele

Nimeshakaa. Lete vitu mkuu.

Zee la Hoja

Profesa miaka 24? Hapo lazima kulikua na mtu ndani. Mwalimu wake ndo alikua mwenye kiti, kafa, kijana wake kakalia. Tunazijua hizi.

mchimba_kokoto

Mzee wangu Escher alikua kaburini tayari, hakuna wa kumpigia simu. Ila ni kweli kua mwanafunzi wake kulimsaidia, sibishi. Tuendelee.

Kipande cha pili: Glarus.

Mashariki ya Uswisi kuna jimbo linaitwa Glarus, na juu ya kijiji cha Elm kuna vilele vinaitwa Tschingelhörner. Ukisimama kijijini ukaangalia juu unaona mstari. Mstari kweli, umenyooka kama mtu kapiga rula kwenye ukuta wa mlima, unakata kilele baada ya kilele. Juu ya mstari kuna mwamba mgumu wenye rangi nyekundu na kijani unaitwa Verrucano, umri wake kama miaka milioni 250 mpaka 300. Chini ya mstari kuna tabaka laini za tope na mchanga wa bahari zilizogeuka mawe, hizo zina kama miaka milioni 35 mpaka 50. Yani babu amekalishwa kichwani kwa kitukuu, na sio sehemu moja, ni eneo lote la milima ile, kilometa na kilometa.

Escher aliliona hili mapema, miaka ya 1840. Ata alimpeleka Mwingereza Roderick Murchison akaone, Murchison akarudi kwao akaandika wazi kwamba mwamba wa juu umesukumwa mzimamzima ukapanda juu ya wa chini. Escher mwenyewe aliogopa kuandika hivo. Inasimuliwa alikua anasema nani ataniamini, wataniweka hospitali ya vichaa. Kwaiyo akatafuta maelezo ya kistaarabu zaidi: mikunjo miwili. Chukua mkeka, mtu mmoja asukume kutoka kaskazini na mwingine kutoka kusini, utapata mikunjo miwili inayolaliana ikitazamana katikati. Kwenye ule upande wa mkunjo uliolala, tabaka zinakua zimepinduka, la zamani linakuja juu. Hapo hakuna jiwe lililosafiri umbali wa kutisha, kila upande umekuja nusu tu ya njia.

Heim akairithi hiyo mikunjo miwili pamoja na kiti. 1878 akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu namna milima inavyojengwa, juzuu mbili na atlasi ya michoro, na Glarus ndo mfano mkuu. Kitabu kile kilimfanya jina Ulaya nzima. Na kina mambo mengi ya kweli, mfano aliona kwamba mwamba ukiwa chini sana kwenye mgandamizo mkubwa unaweza kupinda taratibu bila kuvunjika, watu wengi walikua hawalielewi ilo.

Sasa 1884 anatokea Mfaransa, Marcel Bertrand. Huyu alikua anaijua habari ya migodi ya makaa ya mawe kaskazini mwa Ufaransa na Ubelgiji, ambako wachimbaji walikua wanatoboa mwamba wa zamani afu chini yake wanakutana na makaa ambayo ni mapya zaidi. Bertrand akachukua michoro ya Heim ya Glarus, akaitandika mezani, akaisoma. Akasema hii sio mikunjo miwili, ni bamba moja kubwa la mwamba limetoka kusini likasukumwa kaskazini kwa mpigo.

Na Glarus alikua hajawahi kukanyaga. Wakuu, rudieni kuisoma hiyo. Alimpinga bingwa wa Glarus kwa kutumia michoro ya bingwa mwenyewe, akiwa kwao Ufaransa. Hii isingewezekana kama Heim angekua mchoraji wa kulazimisha, wale wanaochora nadharia yao badala ya mlima. Yeye alichora kilichokuwepo, afu akakielezea vibaya.

kokoto_nyeusi

Aisee. Hii imenigonga. Kwaiyo mkono ulikua sahihi kuliko kichwa.

nuru_ya_asubuhi

Mkuu na huyo Heim alijibuje? Usiniambie alikaza shingo.

mchimba_kokoto

Dada alikaza. Miaka 18 alikaza. Bertrand alivyotoa hoja yake watu wengi hawakumsikia, alikua hajulikani sana na kafika na nadharia ya mezani. Baadae akaja Mjerumani August Rothpletz wa Munich akaanza kumshambulia Heim kuhusu Glarus ileile, wakarushiana maneno kwenye maandishi, na kile kikafanya Heim ajifungie zaidi kwa sababu Rothpletz nae alikua na maelezo yake ya tofauti ambayo hayakusimama. Ukishambuliwa na mtu anayekosea unazidi kujiona uko sahihi, si mnajua.

Kilichomgeuza ni kazi za vijana. 1893 Hans Schardt alikua ameshaonyesha kwamba milima mizima upande wa magharibi wa Uswisi haina mizizi pale ilipo, imeletwa kutoka kusini. Afu Maurice Lugeon wa Lausanne akaandaa kazi kubwa iliyotoka 1902 kuhusu mabamba ya miamba yaliyosafiri kwenye milima ya Alps. Heim akaisoma, akapima na alichokua nacho, akamwandikia Lugeon barua kukubali, na Lugeon akaichapa ile barua mwishoni mwa kazi yake. Hadharani, kwenye jarida ambalo wanajiolojia wote wa Ulaya wanalisoma, mzee wa miaka 53 mwenye vyeo vyote anasema mimi na mwalimu wangu tulisoma vibaya Glarus.

Siku hizi wanakadiria lile bamba lilisafiri angalau kilometa 35. Eneo lote limewekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008.

Zee la Hoja

Miaka 18 ni mingi mno kumpongeza mtu. Hapo kuna wanafunzi wangapi walifanya mitihani wakaandika mikunjo miwili wakapewa alama, na aliyeandika bamba moja akapewa sifuri? Msimpambe.

kokoto_nyeusi

Mzee Hoja ila wako ambao hata miaka 50 hawakubali, wanakufa nayo.

Zee la Hoja

Ndo maana nasema msimpambe, sikusema mumnyonge.

mchimba_kokoto

Hahaha haya. Kipande cha tatu sasa, hiki ni kizito, wale wenye roho nyepesi mjiandae.

Elm ileile niliyowatajia, chini ya ule mstari. Kijiji kilikua na machimbo ya mawe meusi yanayochanika kama karatasi, yale ya kutengenezea vibao vya kuandikia wanafunzi. Shule Ulaya nzima zilikua zinavitaka. Walianza kuchimba 1868, na uchimbaji wenyewe ulikua wa wanakijiji, hawakua mafundi wa migodi, wanakata tumbo la mlima kwa chini na kuuacha mwili wote wa juu ukining'inia. Ilipofika 1881 lile pengo lilikua na urefu wa kama mita 180, na limeingia ndani ya mlima mita 65 hivi. Juu yake ukatokea ufa mkubwa unaomeza maji ya mvua. Mawe yakawa yanadondoka kila siku. Siku moja kabla ya janga, wakaguzi walipanda kuangalia wakasema kazi isimame, ila hatari ya papo kwa papo kwa kijiji hawakuiona.

Jumapili ya tarehe 11 Septemba 1881, jioni, kipande cha kwanza kikaporomoka kutoka upande mmoja wa machimbo. Watu wakatoka nje kuangalia, wengine wakaanza kuhamisha vitu na wagonjwa, wengine wakabaki wanashangaa tu. Baada ya kama robo saa kikashuka cha pili kutoka upande wa pili, hicho kikaua. Watu wakakimbilia kilima cha ng'ambo kinaitwa Düniberg, maana akili ya kawaida inakwambia mawe yanashuka, hayapandi. Dakika chache mbele ukaja mlima wenyewe, katikati palipobaki bila kuungwa mkono, kama mita za ujazo milioni 10. Ulipofika kwenye sakafu ya machimbo ukarushwa mbele kwa hewani, walioona wanasema waliona nyumba na miti kwa chini ya lile wingu kabla halijatua. Afu ukapanda Düniberg ukawafuata waliokimbilia kule. Sehemu nyingine ukageuka na bonde ukatiririka kama kilometa mbili, kwa muda wa chini ya dakika moja. Zaidi ya watu 110 wakafa.

Heim akaenda. Ripoti yao yeye na mchungaji Ernst Buss ilitoka mwaka uleule wa 1881. Alikaa na walionusurika mmojammoja akawauliza ulisimama wapi, uliona nini kwanza, ulisikia nini, ulihesabu muda gani kati ya poromoko na poromoko, akapima kifusi chote akakichora. Akaona jambo ambalo hakuna aliyekua ameliandika vile: kifusi hakikulala kama mawe yaliyomwagwa, kililala kama kitu kilichotiririka, na ukingo wake ni mkali, hatua moja mawe, hatua inayofuata majani hayajaguswa. Mwamba mkavu uliokimbia kama maji. Akaja na kipimo kinachotumika mpaka leo, unachora mstari kutoka juu kabisa pa jeraha la mlima mpaka ncha ya kifusi, unapima mwinamo wake. Poromoko likiwa kubwa zaidi mwinamo unakua mdogo zaidi, maana yake linafika mbali kuliko unavyodhani. Mhandisi yeyote anayekaa kupanga kijiji kijengwe wapi chini ya mlima mbovu anaanzia hapo.

Mambo haya hayakumtoka kichwani. Mwaka 1932, ana miaka 83, akachapa kitabu kingine kizima kuhusu maporomoko na maisha ya binadamu, na Elm imo kwa kirefu.

jembe_la_shafti

Nimekua msomaji kimya miaka mingi humu ila hapa lazima nichangie, mimi mtu wa chini ya ardhi kabisa. Wakuu huyu Heim sisi tunae kazini kila siku ila wengi hawajui ni nani. Kuna kanuni inaitwa kanuni ya Heim, inasema ukishuka chini sana, mgandamizo wa pembeni unakuja kua sawa na mgandamizo wa juu, kwa sababu mwamba kwa muda mrefu unalegea taratibu. Ukipiga hesabu ya kuweka nguzo za handaki bila kujua ubavuni kunakusukuma kiasi gani, umekwisha. Sehemu nyingi vipimo vya siku hizi vinaonyesha hali ni ngumu kuliko alivyosema, ubavuni kunaweza kusukuma zaidi ata ya juu, ila kama huna kipimo chochote unaanzia kwa Heim.

Alafu mleta uzi umeruka Simplon. Usituletee mazuri tu.

mchimba_kokoto

Mkuu sijaruka, nilikua nakuja. Ila wewe endelea, handaki ni lako.

jembe_la_shafti

Simplon ni handaki la reli kati ya Uswisi na Italia, karibu kilometa 20, wameanza kuchimba 1898 treni zikapita 1906. Kabla ya kuchimba wakaita wanajiolojia wakubwa watabiri ndani kuna miamba gani na joto gani, Heim akiwemo. Utabiri ulikua ndani itafika kama nyuzi 42. Walivyoingia ikapanda mpaka kama 55, maji ya moto yanafumuka ukutani, watu wanafanya kazi huku wanamwagiwa maji baridi kwa mabomba. Na miamba haikukaa kama ilivyochorwa. Mimi nimefanya kazi kwenye nyuzi 30 na kitu na unyevu, nguo unaikamua kama umetoka kufua, sasa hiyo 55 sitaki ata kuiwaza.

Na sababu ni ileile ya Glarus, walichora mikunjo ya kawaida kumbe ndani kuna mabamba yaliyolala moja juu ya jingine. Unaweza kuona kwanini vijana walishinda ule ubishi mwanzoni mwa miaka ya 1900, handaki lilikua linawajibu.

nuru_ya_asubuhi

Asante mkuu wa shafti, iyo imeniungia vitu. Sasa mimi naleta ambayo wanaume mmeisahau kama kawaida yenu. Mke wa Heim!

Anaitwa Marie Vögtlin, binti wa mchungaji, kazaliwa 1845 huko Aargau. Alikua na mchumba anasomea udaktari Zurich, anaitwa Friedrich Erismann. Mchumba akakutana na Nadezhda Suslova, Mrusi, mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa tiba Zurich, 1867. Akamwacha Marie akamuoa Suslova. Sasa mwingine angelia mpaka basi. Marie nae akaenda kusomea udaktari palepale! 1868 anajiandikisha, Mswisi wa kwanza mwanamke kusomea tiba, magazeti yakamsema sana, kwao wakaona aibu. 1873 akafaulu mtihani wa serikali, akaenda Leipzig na Dresden kujifunza magonjwa ya wanawake na uzazi, 1874 akafungua kliniki yake Zurich. 1875 akaolewa na Heim. Na akaendelea na kazi, watoto wakaja, akaendelea na kazi. Baadae yeye na mwenzake Anna Heer wakaanzisha shule ya wauguzi yenye hospitali yake, ikafunguliwa 1901, ya wanawake inayoendeshwa na wanawake. Kafariki 1916 kwa kifua kikuu.

Kwaiyo mnavyomsifia profesa kusafiri milimani miaka yote hiyo jiulizeni nyumbani kulikua na nani, na uyo aliyekua nyumbani nae hakua nyumbani, alikua anazalisha wanawake wa Zurich.

kiti_cha_mbele

😂😂 Erismann kaacha daktari mtarajiwa kachukua daktari tayari, aliyeachwa akaamua nae awe. Hii ilipaswa iwe uzi wake kabisa.

Zee la Hoja

Dada umeongea vizuri. Na hapo namuongezea Heim alama, zama zile mwanaume wa cheo chake kuoa daktari na kumuacha afanye kazi yake sio jambo dogo.

mchimba_kokoto

Mzee Hoja katoa alama, wekeni kumbukumbu.

Haya kuna kingine ambacho ndo kimemfanya ajulikane ata na watu ambao jiwe hawalijui. 1871, kijana bado, yuko Säntis na wenzake wanashuka kwenye theluji, yeye yuko mbele, upepo ukataka kumpeperushia kofia. Akaidaka. Akateleza. Akaanguka kama mita 20 akatua kwenye theluji chini.

Zile sekunde chache aliziandika baadae kwa utulivu wa kushangaza. Aliwaza avue miwani vioo visimuingie machoni. Aliwaza fimbo yake ya mlimani asiiachie, inaweza kumsaidia akifika chini mzima. Aliwaza kwamba baada ya siku tano anatakiwa kutoa lekcha yake ya kwanza na sasa haitawezekana. Aliwaza nyumbani watapokeaje habari. Afu akayaona maisha yake yote ya nyuma kwa picha, kama yanachezwa jukwaani na yeye ni mtazamaji, hakuna hofu, hakuna huzuni. Akasikia kishindo cha mwili wake kugonga chini ila maumivu hakuyasikia, yalikuja baadae.

Mtu mwingine angeishia kuwasimulia wajukuu. Yeye akaanza kukusanya. Miaka 20 na ushee akawa anawauliza watu walioanguka wakapona, wapanda milima wenzake, mafundi wa paa, wajenzi, askari waliojeruhiwa vitani. Akakuta karibu wote wanasema kitu kimoja: utulivu, mawazo yanakimbia kasi sana, muda unarefuka, maumivu hakuna. 1892 akayachapa kwenye kitabu cha mwaka cha chama cha wapanda milima cha Uswisi. Alichotaka zaidi ni kuzifariji familia zilizopoteza watu kwa kuanguka. Miaka 80 mbele, 1972, yakatafsiriwa Kingereza na watafiti wa mambo ya watu waliofika mlangoni mwa kifo wakarudi, na leo ukisoma habari zozote za utafiti huo anatajwa mwanzoni kabisa.

Ni mbinu ileile ya Elm ukiangalia vizuri. Anakaa na aliyenusurika, anauliza uliona nini kwanza.

kokoto_nyeusi

Mimi nilianguka kutoka kwenye mnazi utotoni, sikuona maisha yangu jukwaani, niliona tu mchanga unakuja 😂

nuru_ya_asubuhi

Maisha yenyewe yalikua bado mafupi, hakukua na cha kuonyesha.

Ustaadh wa Pwani

Assalaam alaykum wana uzi. Nimesoma yote nimefaidika. Sasa mimi swali langu liko pembeni kidogo, kuna binamu yangu yuko Ulaya amenunua mbwa mkubwa wa rangi tatu, mweusi, mweupe na hudhurungi, akaniambia huyu mbwa alitambuliwa rasmi na profesa wa mawe. Ndo huyuhuyu?

mchimba_kokoto

Waalaykum salaam ustaadh. Ndo huyuhuyu hahaha. Heim alikua mfugaji na hakimu wa mashindano ya mbwa. Wakulima wa Uswisi walikua na mbwa wa kuchungia na kuvuta mikokoteni ya maziwa, hakuna aliyewahesabia kama mbwa wa maana, mabwana wakubwa walikua wanataka mbwa wa nje. Heim akawashikia bango wafugaji kwamba hizi ni mbegu zenu zitawapotea. 1908 kwenye maonyesho ya Langenthal bwana mmoja, Franz Schertenleib, akaleta mbwa mwenye manyoya mafupi akidhani ni mbwa wa milima wa Bern tu, yule wa manyoya marefu, ambae kakosa manyoya yake. Heim akamwangalia akasema huyu sio wa Bern aliyeharibika, huyu ni mbegu nyingine kabisa, kubwa, ya zamani, na inakaribia kuisha. Wakaanza kutafuta wengine vijijini. Wa binamu yako kama ana manyoya marefu ni wa Bern, kama mafupi ndo huyo mwingine.

Na kabla hamjauliza, alipanda puto pia. Tarehe 3 Oktoba 1898 na rubani Eduard Spelterini, kutoka Sion wakavuka milima mpaka Ufaransa, zaidi ya mita 6,000 juu. Alitaka aione Alps yote kwa jicho moja. Na alipigania uchomaji wa maiti, Zurich ikapata tanuru yake 1889, ya kwanza Uswisi.

jembe_la_shafti

Huyu mtu alikua analala saa ngapi.

kiti_cha_mbele

Mkuu umesema ana watoto. Kuna aliyefuata mawe?

mchimba_kokoto

Arnold, kazaliwa 1882. Huyu ndo anatuhusu sisi. Desemba 1926 rubani Walter Mittelholzer aliondoka Zurich na ndege ya kutua majini, Dornier Merkur, kwenda Cape Town. Ndani yake kulikua na fundi, mwandishi René Gouzy, na mwanajiolojia Arnold Heim. Walifuata Nile juu mpaka ziwa Victoria, wakaja ziwa Tanganyika, wakashuka Nyasa, wakafika Cape Town Februari 1927. Picha za Afrika walizopiga kwa juu ziko kwenye maktaba ya ETH Zurich, zinatazamika mtandaoni, mkitaka kuona maziwa yetu yalivyokua nendeni mkazitafute.

Arnold alifundisha pia Canton huko China, na 1936 akaenda Himalaya na kijana anaitwa Augusto Gansser, ambae alijivika nguo za msafiri wa kuhiji akazunguka mlima Kailash upande wa Tibet ambako wageni walikua hawaruhusiwi. Gansser nae akaja kua profesa palepale Zurich, akaishi mpaka 2012, miaka 101. Huyo nitamletea uzi wake mwenyewe.

Zee la Hoja

Kabla hujafunga. Alipostaafu 1911 kiti alikalia nani? Maana nilianza na kiti.

mchimba_kokoto

Hans Schardt.

Zee la Hoja

Yule aliyesema milima haina mizizi? Mmoja wa waliomuangusha?

mchimba_kokoto

Ndo huyo. Na mzee wala hakuondoka mezani, alibaki anaandika. Kati ya 1916 na 1922 akatoa jiolojia yote ya Uswisi, na Glarus humo kaichora upya, bamba moja, kutoka kusini.